Jaketi jepesi la flisi: joto la kutembea na joto la kupumzika

"Napenda kupanda milima, na sasa najiandaa kwa safari ya siku tatu mahali penye baridi na upepo. Nina jaketi nene la flisi, kile kitambaa laini chenye manyoya. Nikilivaa, baada ya nusu saa ya kupanda nimelowa jasho. Nikilivua, baridi inanipiga. Tukipumzika natetemeka hata nikilivaa tena. Ndani huwa navaa fulana ya pamba. Rafiki mmoja ananishauri ninunue flisi nyepesi ya gramu 100, mwingine anasema hiyo ni ya kupigia picha tu, nitafute yenye utando wa kuzuia upepo. Wauzaji nao wananitajia gramu, gridi, kofia na zipu nusu hadi nachanganyikiwa. Je, jaketi jepesi litanitosha kweli, hasa kwa kuwa vidole vyangu hugeuka vyeupe na kufa ganzi kwenye baridi? Nichague lipi?"

Pole kwa mahangaiko hayo, na asante kwa kueleza mambo kwa kirefu, maana nusu ya jibu umeshaibeba mwenyewe kwenye maelezo yako. Kwa ninavyokuelewa, unahofia kwamba ukinunua jaketi jepesi utaganda. Mimi nikisoma habari yako naona taabu imeanzia upande wa pili: unapata joto kupita kiasi ukiwa njiani, linageuka jasho, na jasho hilo ndilo linalokutetemesha mkikaa. Kwa hiyo ndiyo, flisi nyepesi itakufaa, mradi uipe kazi yake, yaani kuvaliwa wakati mwili unafanya kazi. Joto la kupumzika litafutie vazi jingine. Na kabla hujatoa hata senti, hiyo fulana ya pamba iache nyumbani.

Tuanze na mwili wenyewe. Mtu aliyetulia huzalisha joto la wati 100 hivi. Akipanda mlima na mzigo mgongoni, mwili wake unaweza kutumia wati 500, na takriban nne kwa tano ya nguvu hizo hugeuka joto, kwa kuwa misuli huweza kutumia sehemu ndogo tu kumsogeza mtu. Maana yake ni kwamba unalidai jaketi moja likufae mwili ukitoa wati 100 na likufae pia ukitoa 400. Hakuna kitambaa kinachoweza kazi hizo mbili. Joto likikosa pa kutokea, mwili hufungua jasho. Kila lita ya jasho inayokauka huondoka na kilojuli 2,400 hivi za joto, kwa hiyo kuziondoa hizo wati 400 kwa jasho peke yake kunadai zaidi ya nusu lita kwa saa.

Jasho likikauka papo hapo, safi kabisa, hiyo ndiyo kazi yake. Matatizo huja likinaswa njiani. Tuseme mmefika juu, mmeketi, na nguo zako zimebeba mililita 200 za jasho, kiasi cha glasi moja. Kuikausha glasi hiyo kunahitaji kilojuli 480. Mwili uliotulia, kwa zile wati 100, huzalisha kilojuli 360 kwa saa nzima. Sehemu kubwa ya joto la kukaushia hutoka kwako, basi unaona deni lilivyo: unatakiwa kulipa zaidi ya ulichonacho. Ndiyo maana ulilivaa tena jaketi nene na bado ukatetemeka. Jaketi halikuwa na kosa wakati ule. Lilikosea saa moja kabla, ulipokuwa unapanda nalo.

Sasa pamba. Katika hewa ya kawaida uzi wa pamba hushika unyevu wa asilimia 8 hivi ya uzito wake bila hata kuloweshwa, na ukiloweshwa hunywa maji mengi na kuyang'ang'ania. Poliesta, uzi wa plastiki ambao ndio flisi nyingi hutengenezwa kwao, haifiki hata asilimia 1. Sufu ni kiumbe cha aina yake: inaweza kumeza mvuke hadi kufikia karibu theluthi ya uzito wake ndani ya nyuzi zenyewe kabla ya kuhisi imelowa, na ndiyo sababu fulana nyembamba ya sufu hupendwa na watu wa baridi. Chagua poliesta nyembamba au sufu nyembamba, yoyote kati ya hizo, ikushike mwili bila kukubana. Poliesta hukauka haraka zaidi lakini hushika harufu; ukiwa na siku tatu bila kufua, wenzako wa hemani wataipigia kura sufu. Ningekuwa na fedha ya kubadilisha kitu kimoja tu katika mavazi yako, ningebadilisha hiki na jaketi lingesubiri.

Tuje kwenye flisi. Kinachokupa joto ndani yake ni hewa iliyotulia kati ya nyuzi. Hewa tulivu hupitisha joto polepole sana, ilhali maji hulipitisha mara 25 hivi zaidi. Kitambaa cha poliesta hufumwa, kisha kikachanwa kwa mashine mpaka vitanzi vinyanyuke na kuwa manyoya, na manyoya hayo ndiyo yanayoifungia hewa. Unene wa manyoya ndio joto lenyewe. Kitambaa hiki kilianza mwaka 1979 katika kiwanda cha Malden Mills huko Massachusetts, Marekani, na mwenye kiwanda, Aaron Feuerstein, hakukichukulia hataza, ndiyo maana viwanda vingine vilikuwa huru kukitengeneza. Hilo ni jema kwa mfuko wa mnunuzi, ila limeleta jambo moja la kuwa nalo macho: neno "flisi" kwenye lebo halikuhakikishii chochote kuhusu ubora. Itakubidi uishike kwa mkono.

Kuhusu gramu, hapa ndipo watu wengi hupotea, na nadhani rafiki zako nao wamo. Ile 100, 200 au 300 ni uzito wa mita moja ya mraba ya kitambaa. Haihusu uzito wa jaketi, wala si kipimo cha joto. Jaketi la mtu mzima hula kama mita moja na nusu hadi mbili za mraba, hivyo flisi ya 100 ikishaongezewa zipu, mifuko na kofia huweza kukaribia gramu 300 mkononi. Nimeona flisi za 100 zenye mifuko minne na zipu nzito zikiwa na uzito kuliko za 200 zilizoshonwa kwa kiasi. Usinunue kabla hujaliweka jaketi kwenye mzani au kusoma uzito wake kamili. Halafu vitambaa viwili vyenye gramu zilezile vinaweza kutofautiana kwa joto, kwa sababu kimoja kina manyoya marefu yaliyosimama na kingine kimefumwa kikashikana.

Rafiki wa pili, anayesema flisi nyepesi ni ya picha, ana hoja moja ya kweli: upepo hupita ndani yake kama unavyopita kwenye chandarua. Ukisimama ukingoni mwa jabali na flisi ya 100 pekee, hewa yako ya joto inafagiliwa na unabaki kama uliyevaa shati. Lakini dawa aliyokupa siikubali kwako. Flisi yenye utando ndani huzuia upepo, sawa, na kwa kufanya hivyo huzuia pia njia ya jasho kutoka. Ni nzito zaidi, hukauka polepole, na ukishaivaa huna namna ya kuutoa utando upepo ukitulia. Mtu anayetokwa na jasho kama wewe atalowa ndani yake mapema kuliko alivyolowa kwenye hiyo nene. Huwa naipendekeza kwa anayetembea taratibu au kufanya kazi ya kusimama nje, basi.

Njia ninayoiamini ni kutenganisha kazi. Nunua flisi inayopitisha hewa, kisha beba jaketi jembamba la kuzuia upepo lisilo na bitana. Mengi yana gramu 100 hivi na yakikunjwa hutoshea kwenye ngumi. Njia ikiwa kimya msituni, unatembea na flisi wazi. Ukitoka kwenye uwazi na upepo ukaanza kupiga, unavaa hilo jembamba juu, na flisi ileile inakuwa na joto kwa namna utakayoishangaa, kwa sababu sasa hewa yake haichukuliwi. Mvua ni habari nyingine: flisi haizuii mvua, nyepesi wala nzito, kwa hiyo jaketi la mvua libaki begini. Ukitaka kupunguza mzigo, jaketi la mvua linaweza kufanya kazi ya kuzuia upepo pia, ingawa ukipanda mwinuko mkali utaliona lina joto.

Umesikia pengine kwamba flisi hupasha joto hata ikilowa. Kuna ukweli nusu. Nyuzi zenyewe hazinywi maji, hivyo ukiivua na kuikamua kwa nguvu hurudi kutumika haraka, jambo ambalo pamba haikupi kamwe. Ila nafasi kati ya manyoya hubeba maji mengi tu, na maji yakikaa mahali pa hewa, joto linakimbia. Flisi iliyolowa kwenye upepo ni hatari kwa yeyote anayeitegemea.

Kati ya zilizopo dukani, mimi ningekuelekeza kwenye mbili. Ya kwanza ni ile ya 100 ya kawaida, laini pande zote, isiyo na mbwembwe. Ni ya bei ya chini kuliko wenzake, huvumilia matawi na mikanda ya begi, na kwa mtu anayetoka mara chache kwa mwaka sioni kwa nini ahangaike zaidi. Ya pili ni gridi: ukiigeuza ndani unaona vyumba vidogo vya mraba vilivyoinuka, na kati yake mifereji myembamba. Vyumba hushika hewa, mifereji hupitisha mvuke. Kwa uzito uleule hupumua vizuri zaidi na hukunjika padogo. Kwa sababu jasho ndilo adui yako, ningelipia tofauti ya bei na kuchukua gridi.

Ipo na ya tatu ambayo wapenda wepesi wanaisifu sana: manyoya marefu yaliyoachwa wazi kwenye wavu mwembamba, kiasi kwamba ukiishika kwenye mwanga unaona upande wa pili. Asili yake ni kitambaa cha Polartec Alpha kilichobuniwa kwa ajili ya vikosi maalumu vya jeshi la Marekani, watu waliotaka kutovua jaketi kila wanapokimbia na kusimama. Jaketi zima linaweza kuwa chini ya gramu 200, na chini ya kizuia upepo lina joto la ajabu. Lakini hunasa kwenye kila mwiba, na peke yake kwenye upepo ni sawa na kutovaa kitu. Ukiwa na begi zito kwa siku tatu, kamba za mabegani zitalichakaza. Si la kwanza kununua, kwa maoni yangu.

Zipu, kofia na mifuko nisikuchoshe navyo. Zipu nusu inayofika katikati ya kifua inatosha kupunguzia joto, haivimbi chini ya mkanda wa kiuno wa begi, na ni nyepesi. Zipu nzima ni rahisi kuvua ukiwa umevaa miwani na kofia. Mimi huchagua nusu, wewe chagua moyo unakopenda. Kofia nyembamba inayokaa chini ya helmeti ni nzuri kuwa nayo. Ila ule msemo kwamba karibu nusu ya joto la mwili hutokea kichwani hauna msingi. Kichwa ni kama sehemu moja ya kumi ya ngozi yako na hupoteza joto kwa kadiri hiyo, isipokuwa pale kinapokuwa ndicho pekee kilichoachwa wazi. Mifuko ya chini hufunikwa na mkanda wa begi, basi mmoja wa kifuani unatosha.

Dukani fanya hivi. Weka kitambaa mdomoni, kiganja upande wa pili, kisha puliza. Pumzi ikipita kwa urahisi, mvuke nao utapita. Ikigoma kabisa, kuna utando hata kama muuzaji hakuutaja. Vaa jaketi juu ya fulana utakayotembea nayo, inua mikono yote miwili kama unayeshika tawi: pindo likipanda hadi kitovuni, upepo utakuingia kila utakapotumia fimbo. Begi la mgongoni nenda nalo, lijaze vitu, livae, usikilize kama mshono wa bega unakaa chini ya kamba. Lisiwe pana, kwa sababu jaketi pana husukuma hewa ya joto nje shingoni na kiunoni kila unapopiga hatua. Lisibane pia, kwa sababu manyoya yakikandamizwa hakuna hewa ndani yake. Mwisho, sugua kipande cha kitambaa kwa kitambaa kingine kwa nguvu kidogo. Vikianza kutokea vijidonge vya nyuzi hapohapo dukani, baada ya safari mbili utakuwa umevaa kitu kingine.

Hilo jaketi nene ulilonalo usiligawe. Liweke kavu ndani ya mfuko wa plastiki begini, na kila mnaposimama kwa zaidi ya dakika chache livae juu ya flisi nyepesi mara moja, kabla hujahisi baridi, kisha livue kabla ya kuanza tena kutembea. Koti lililojazwa manyoya ya bata au nyuzi za poliesta lina joto zaidi kwa uzito mdogo na hukunjika vizuri, na siku ukiwa na uwezo lichukue. Kwa safari hii, la nene litakusitiri. Kumbuka tu kwamba kwa kawaida joto hushuka kwa nyuzi 6.5 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo usipange mavazi kwa hali ya hewa ya mahali mnapoanzia. Na anzeni safari ukihisi baridi kidogo. Ukiwa na raha kabisa mkiwa mmesimama, tayari umevaa kupita kiasi.

Kuna mambo mawili ya utunzaji ambayo yataamua kama jaketi litadumu. Lifue kwa maji ya vuguvugu la nyuzi 30, likiwa limegeuzwa ndani nje, bila dawa ya kulainisha nguo, maana hiyo huacha utando kwenye nyuzi na kuharibu upitishaji wa jasho. Lianike kivulini. Na usilifue bila sababu: watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth nchini Uingereza walionyesha mwaka 2016 kwamba mzigo mmoja wa kilo 6 wa nguo za akriliki, uzi wa plastiki kama poliesta, unaweza kutoa zaidi ya nyuzi 700,000 kwa ufuaji mmoja, na poliesta nayo ilitoa mamia ya maelfu. Nyuzi hizo ni plastiki na nyingine huishia majini. Flisi iliyotengenezwa kwa chupa zilizorejelezwa ina joto sawa na nyingine, na inamwaga nyuzi vilevile. La pili ni moto: poliesta huyeyuka kwenye joto la nyuzi 250 na kidogo, cheche moja hutoboa tundu, na ikiyeyukia kwenye ngozi hushikana nayo. Ukipika kwa jiko la gesi au ukiota moto, vaa kitu kingine juu.

Nimekiacha hadi sasa kile ulichokitaja mwishoni, na kwangu ni kizito kuliko jaketi. Vidole vinavyogeuka vyeupe na kufa ganzi kwenye baridi, pengine vikapita kwenye rangi ya bluu kisha vikawa vyekundu na kuuma vinapopata joto, hutokana na mishipa midogo ya damu kujibana kupita kiasi. Madaktari huita hali hiyo Raynaud. Kwa wengi haina madhara makubwa, na kuupasha mwili mzima joto husaidia kuliko glavu peke yake, kwa hiyo usikubali kiwiliwili kipoe kwa kisingizio kwamba umevaa glavu nzuri. Beba pea mbili, zile nyembamba za vidole kwa kazi na zile za kifuko kimoja kwa kupumzika, na zivae mapema.

Hata hivyo, muone daktari kabla ya safari, na usikawie ikiwa hali hii imeanza ukiwa umeshapita miaka 30, inashika mkono mmoja tu, inaacha vidonda kwenye ncha za vidole, au inaambatana na maumivu ya viungo. Wakati mwingine ni dalili ya ugonjwa mwingine unaotibika, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za kipandauso huweza kuichochea. Mkiwa mlimani, mwenzenu akianza kuongea kwa kukokota ulimi, kuyumba, kushindwa kufunga zipu, au akaacha kutetemeka ilhali bado yuko kwenye baridi, ombeni msaada wa uokoaji mara moja. Joto la ndani la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, safari imekwisha. Kwa upande wako, vidole vikibadilika rangi tena, vipige picha palepale, kwa sababu ukifika kliniki vitakuwa vimesharudi rangi yake na daktari hatakuwa na cha kuona.